Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi: anza na kebo

Ndugu uliyeuliza kwa nini kompyuta yako inawaka lakini skrini ni nyeusi, chomoa kebo ya HDMI (ile ya kupeleka picha kwenye skrini) kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta, uichomeke kwenye kadi ya grafiki, kipande kinachotengeneza picha, kwa sababu prosesa (ubongo wa kompyuta) uliyoitaja, Core i5-12400F, haina grafiki ya ndani, na kwa hiyo matundu ya picha ya ubao mama hayatatoa chochote hata kama feni zinazunguka na taa zinawaka. Kazi yangu ni kuunganisha kompyuta, na hili ndilo ninalolikagua kwanza. Skrini ikibaki nyeusi, zima umeme kabisa, kisha hakikisha kadi imepata waya wake wa umeme kutoka pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme) na RAM, yaani vijiti vya kumbukumbu, zimesukumwa mpaka vibano vikalia "klik". RAM zikiwa mbili, kwa kawaida hukaa tundu la 2 na la 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa.