Kabla hujampeleka mdogo wako akadungwe seli shina

Mkuu, hiyo advansi anayotaka dalali usiitume. Nimesoma uzi wako mara mbili: dogo kaanguka na bodaboda Februari, mkono unaning'inia, dalali anasema mpeleke India akadungwe seli shina (stem cells, seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), na wewe unauliza viza, hosteli ya bei nafuu na mazoezi ya viungo. Mimi ndiye huyo dogo, miaka minne mbele.

Nilianguka Mbagala, bega likavutika, neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zikachanika. Mwezi wa nne baada ya ajali nikauza kiwanja cha Chanika, nikapanda ndege. Wakanitoboa nyonga, wakavuta uboho, wakauchuja kupata hizo seli, wakanidunga shingoni na kwenye msuli wa mkono. Kwa hiyo nikisema nina kiwanja mwilini sitanii.

Kiwanja nimesamehe. Kilichonimaliza ni KUSUBIRI. Kila nikimuuliza yule dalali WhatsApp, jibu lile lile: "Seli zinahitaji muda, kaka." Na kaua kadogo mwishoni. Mwongo yule, Mungu anamwona. Nikasubiri miezi kumi! Nilipokuja kumwona daktari wa upasuaji wa neva, alinikunja kiwiko, akaubonyeza msuli kwa vidole viwili kama anachagua parachichi, akauliza ajali ilikuwa lini. Nikamwambia. Akaweka kalamu mezani.

Hesabu aliyonipa ni hii. Neva ikikatika huota kama milimita 1 kwa siku, sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka shingoni hadi msuli unaokunja kiwiko ni safari ya miezi mingi. Msuli nao ukikaa bila neva mwaka hadi mwaka na nusu unageuka mafuta na kovu. Neva ikifika inakuta nyumba imeshabomoka. Ndiyo maana wanaohamisha neva wanamtaka mgonjwa mapema, ndani ya miezi 3 hadi 6. Wanachukua nyuzi chache za neva isiyoumia, ile inayokwenda upande wa kidole cha mwisho, wanaziunga karibu kabisa na msuli ili safari iwe fupi. Siku napanda ndege mlango huo ulikuwa wazi. Niliufunga mwenyewe, tena kwa nauli yangu.

Dalali atakuonyesha pia habari za Darek Fidyka wa Poland, yule aliyepooza akaja kutembea tena kwa kujishikilia. Ni kweli, alipasuliwa Wrocław 2012, akawekewa seli kutoka sehemu ya ubongo wake inayohusika na kunusa. Ila yule alichomwa kisu uti wa mgongo, na madaktari walifungua jeraha, wakapanga na vipande vya neva ya mguu wake kama daraja. Mimi nilipigwa sindano nikapewa chai. Na miongozo ya India yenyewe ya 2017 hairuhusu kuuza tiba hiyo kwa majeraha ya neva nje ya utafiti. Dalali hilo hakulisema, ila bei ya hoteli aliijua hadi ya kifungua kinywa.

Sipingi utafiti, waendelee. Ila kabla ya miezi sita kwisha, dogo aonwe na mpasuaji wa neva KWANZA. Seli hata mwakani zitakuwepo, msuli hautakuwepo.

Ajali ilikuwa Februari tarehe ngapi? Na kipimo cha umeme wa misuli ameshafanyiwa? Jibu hapa hapa, leo sizimi simu.