Mbudya na Pangavini: panga safari kwa maji, si kwa saa

Kabla ya kuuliza nauli ya boti, tazama mwezi. Ukiwa mpevu au umeandama, bahari ya Dar es Salaam iko kwenye bamvua. Siku hizo na mbili zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 na kupita. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi. Mengi yanayowaharibikia watu kwenye visiwa hivi, kuanzia boti kukaa juu ya mwamba hadi nyayo kuchanika, huanza pale safari ilipopangwa kwa saa ya ukutani bila kuuliza maji yatakuwa wapi.

Mbudya na Pangavini viko mbele ya Kunduchi na Mbezi Beach, kaskazini mwa jiji. Pamoja na Bongoyo na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Hakuna anayeishi huko. Mbudya inajulikana zaidi: ina mchanga mweupe upande unaotazama bara, mivinje, mibuyu, vibanda vya makuti na wachoma samaki. Pangavini, iliyo kusini yake, watu wengi huitazama tu boti ikipita. Ni kipande cha mwamba chenye vichaka juu na kingo zilizoliwa chini, na hakina ufukwe wa kueleweka. Anayetaka kuuelewa mwambao huu aanze na hicho kidogo.

Sasa maji. Kwenye pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Siku za bamvua hujaa kabisa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa 4 maji yamejaa, jioni ya saa 10 yamepwa. Ukishika hilo peke yake, unaweza kukadiria Jumamosi yoyote ya mwaka kwa kutazama mwezi. Hata hivyo, thibitisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, maana nusu saa ina uzito ukiwa umesimama mwambani.

Jambo la pili ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.5: saa ya kwanza maji hupanda sentimita 29 tu, na mtu huona bahari imetulia. Saa ya tatu hupanda karibu sentimita 88, na ya nne vilevile. Ndiyo maana watu hushtukizwa. Wamezoea ile saa ya kwanza ya upole, kisha njia waliyopita kwa miguu inakuwa maji ya kifuani, na chini yake ni mwamba wa mashimo.

Kwa hiyo amua kwanza unakwenda kufanya nini. Kutembea juu ya mwamba na kutazama viumbe wa madimbwini kunataka bamvua ya asubuhi: anza saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na geuza kurudi ufukweni saa ya maji kupwa kabisa ikifika, usingoje uyaone yanapanda. Kuogelea na kutazama matumbawe kwa miwani kunataka maji mafu, au saa moja kabla na saa moja baada ya maji kujaa, kwa sababu hapo mkondo hupungua na maji huwa maangavu. Kuizunguka Pangavini kwa boti ili kuona mwamba ulivyoliwa kunataka maji ya katikati yanayopanda: mwamba bado uko wazi, na boti ikigusa mahali, maji yenyewe yatainyanyua. Ukigusa maji yakiwa yanapwa, kila dakika inakukalisha zaidi, na huenda ukakaa hapo saa 6 au zaidi.

Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Iliposhuka, matumbawe yalibaki nje, yakakauka na kushikana kuwa jiwe la chokaa. Ukitazama kwa makini utaona bado maua na mirija ya matumbawe, na magamba ya kombe yaliyoganda humo. Mvua huyeyusha chokaa kidogo kidogo, ndipo juu ya mwamba kunakuwa na ncha na kingo kama msumeno. Chini, mahali maji yanapofika na kuondoka kila siku, kazi hufanywa na mawimbi pamoja na viumbe: mwani unaotoboa jiwe, konokono wanaoukwangua mwani huo pamoja na chembe za mwamba, chaza wanaojichimbia vishimo. Kwenye miamba ya aina hii ulaji huo hukadiriwa kuwa milimita 1 hivi kwa mwaka. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa miaka elfu mbili ni mita 2 za shimo la mlalo, huku juu kukibaki paa linaloning'inia.

Paa hilo ndilo hatari kubwa ya Pangavini, na la upande wa Mbudya unaotazama bahari kuu pia. Watu hukaa chini yake kwa sababu lina kivuli kizuri. Usikae. Hukatika lenyewe, bila onyo, na yale mapande makubwa yaliyolala majini kando ya kisiwa ndiyo mapaa ya zamani. Juu yake pia usisimame: ukitazama ukiwa juu huwezi kujua kama chini kuna jiwe au hewa. Kaa angalau mita 3 kutoka ukingoni. Usijaribu kupanda Pangavini kutoka kwenye boti wakati kuna wimbi. Boti hunyanyuliwa chini ya paa na anayeshika mwamba hubanwa. Kuizunguka kunatosha kabisa, na kwa maoni yangu ndiko kunakopendeza zaidi.

Viatu: raba za soli ngumu zilizofunga kisigino. Ndala na yeboyebo huchomoka kwenye mashimo, na ncha za mwamba hupenya soli laini. Vaa glavu nene ukijua utashika mwamba. Mchubuko wa matumbawe huonekana mdogo, lakini hubaki na chembe za chokaa na uchafu ndani, ndiyo maana hukawia kupona. Osha mara moja kwa maji safi na sabuni, sugua taratibu kwa kitambaa safi mpaka chembe zitoke, paka dawa ya kuua vijidudu, na usilowe tena baharini siku hiyo. Wekundu ukianza kusambaa kesho yake, nenda zahanati.

Nungunungu wa baharini, wale weusi wa miiba mirefu, hujificha kwenye nyufa. Mwiba ukiingia usiuchimbe kwa sindano, maana huvunjika vipande vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, vuta zile ncha zinazoonekana, na sehemu nyingine mwili huzimaliza wenyewe. Mwiba ulioingia kwenye kiungo ni wa daktari. Ukichomwa na samaki-jiwe, yule wa miiba ya sumu anayefanana na mwamba, fanya haraka zaidi: maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikiwa imeshaanza. Jaribu maji hayo kwa mkono usioumwa, kwa sababu mguu wenye maumivu hautambui unapoungua. Wachoma samaki wa Mbudya wana moto na sufuria, waombe. Konokono mzuri wa umbo la koni mwache alipo. Baadhi yao wana sumu ya kuua.

Majira nayo yana neno lake. Kusi huvuma takriban Mei hadi Septemba na kupandisha mawimbi upande wa bahari kuu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na mara nyingi huzidi mchana. Bahari huwa nyepesi zaidi pepo zinapobadilishana zamu. Masika huleta maji ya matope kutoka mitoni, na hapo miwani haina kazi. Soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya kuamkia safari. Ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa au mawimbi ya mita 2, ahirisha, hata kama nahodha anasema ameshazoea.

Kwenye boti hesabu majaketi ya kujiokolea kabla ya kupanda, na kila mtu avae lake, si kulikalia. Uliza kama kuna mashine ya akiba au angalau makasia. Patana mapema saa ya kurudi na uchukue namba ya simu ya nahodha. Ada ya hifadhi lipa kwa risiti. Maji ya kunywa chukua lita 3 kwa mtu mzima, kwa sababu kisiwani hakuna kisima. Mwambie nahodha atie nanga kwenye mchanga: nanga iliyoburutwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichoota kwa miaka mingi.

Na matumbawe hapa yameshaumia vya kutosha. Baruti za wavuvi haramu ziliponda sehemu kubwa ya miamba ya mwambao huu, na joto la bahari la mwaka 1998 likaua mengine mengi. Mahali palipopigwa baruti utapatambua: ni kifusi cha vijiti vyeupe na kijivu kilichotapakaa sakafuni. Hakiponi upesi, kwa sababu kifusi husogea na kila wimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobingirika. Ukiogelea, elea mlalo na usisimame kamwe juu ya kichwa cha tumbawe ili kurekebisha miwani. Rudi kwenye mchanga kwanza.

Mbudya pia ina kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Hujificha mchana kwenye mapango ya mwamba na kutoka usiku. Yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, na akiwa mkubwa huzama akitupwa baharini, kwa hiyo hawezi kuhamia kisiwa kingine. Mtu akijitolea kumfukua ili upige naye picha, kataa na usilipe.

Ukirudi bara usikimbilie nyumbani. Magofu ya Kunduchi yana makaburi ya nguzo yaliyowahi kupambwa kwa sahani za kaure za China, na yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, jiwe lilelile uliloliona Pangavini. Gusa kwa macho tu, plasta yake ni dhaifu. Ufukwe wa jirani nao una habari yake. Hoteli ya Africana, ambayo jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala, iliangamizwa na mmomonyoko. Mchanga wa fukwe hizi huletwa na vijito kama Tegeta na Mbezi, na ukichotwa huko kwa ajili ya ujenzi, bahari huula ufukwe bila kulipwa kingine. Tazama mizizi ya minazi iliyobaki wazi na kuta zilizopasuka, kisha tembea hadi kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Kunduchi. Huko ardhi imeshikwa. Ingia maji yakiwa bado yanapwa, na mbao au matawi manene yakiwepo pita juu yake; tope la mikoko humeza mguu hadi gotini, na raba ulizotoka nazo mwambani zikibaki humo huzipati tena.