Maswali na majibu: Akili inapokwama

*Wanafunzi wangu wa gredi ya sita ni wazuri kwa hesabu, lakini wakipewa fumbo wanakwama. Hili linafundishika? – Mwalimu, Kondele, Kisumu*

Linafundishika, mwalimu, ila si kwa kuwaambia "fikirieni sana". Wape mshumaa (msiuwashe), kiberiti na kisanduku kilichojaa pini. Wausimamishe ukutani, kiasi kwamba ukiwaka nta isidondokee meza. Wengi watahangaika kuuchoma pini mshumaa wenyewe. Jibu ni kumwaga pini, kukibana kisanduku ukutani na kuusimamisha humo.

Fumbo hili ni la mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker, na maandishi yake yalitoka kwa Kiingereza mwaka 1945. Kisanduku kikitolewa kitupu, wengi zaidi hufaulu. Kikiwa kimejaa, mtu haoni kisanduku, anaona mahali pa kuwekea pini. Basi wazoeshe kutaja kila kilichopo mezani kwa umbo lake kabla ya kazi yake: karatasi ngumu, bapa, yenye kingo. Mimi naliamini zoezi hili kuliko hotuba yoyote ya ubunifu.

*Nikiwapa dokezo, si nitakuwa nimewaharibia? – Mwalimu huyohuyo*

Hapana, na huenda lisiwasaidie hata kidogo! Kuna fumbo la nukta tisa zilizopangwa kwa mraba, tatu kwa tatu, uziunganishe zote kwa mistari minne iliyonyooka bila kuinua kalamu. Mwaka 1981 watafiti Weisberg na Alba waliwaambia watu wazi kwamba mistari inaruhusiwa kutoka nje ya mraba, na bado wengi walishindwa. Mkono wenyewe unahitaji mazoezi, kwa mafumbo mepesi ya kuvusha mistari nje ya nukta.

*Kijana ninayemfunza kuchomelea anaiga tu. Kazi ikibadilika kidogo, ananiita. – Fundi, Kibuye*

Fundi, usimpe mfano mmoja. Watafiti Gick na Holyoak walionyesha mwaka 1983 kwamba mtu akilinganisha visa viwili vyenye siri moja, huitambua siri hiyo kwa urahisi zaidi katika kisa cha tatu. Weka geti linaloshuka upande karibu na meza inayoyumba. Muulize: vinafanana wapi? Nyamaza, hata mteja akiwa anasubiri. Vyote viwili vinataka chuma cha mshazari, kifanye pembetatu. Aliseme yeye. Kesho mpe kitanda.

*Nikikwama, nilale? – Mwanafunzi, Nakuru*

Lala, lakini hangaika na fumbo kwanza. Katika jaribio la Lübeck, Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2004, waliolala waligundua kanuni iliyofichika kwa zaidi ya mara mbili ya waliokesha. Wote walikuwa wameshalifanyia kazi zoezi hilo kabla.