Spidi Inaingia Mara Mbili: Majibu ya Maswali Yenu

Wiki hii maswali ni mengi na nusu yake nishayajibu, watu hawasomi wanarukia kuuliza tu. Nimechagua haya.

Mwalimu, matatu ikijaza si inakuwa nzito na kushika barabara vizuri, kwa hivyo breki zinakamata haraka? (Dereva, Gede)

Hapana. Tairi zimebanwa zaidi sawa, lakini na mzigo wa kusimamisha umeongezeka kwa kiasi hichohicho, na breki ni zilezile ulizokuja nazo asubuhi. Hili swali nimelichoka.

Kutoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100 si spidi imeongezeka mara mbili tu, mbona mnatutisha? (Wa stendi, Malindi)

Spidi imeongezeka mara mbili, nishati ya mwendo, yani ile nguvu breki inayopaswa kuimaliza, imeongezeka mara nne. Hesabu yake ni nusu ya uzito wa gari mara spidi, halafu mara spidi tena, yani spidi inaingia mara mbili na uzito mara moja, na hapo ndipo madereva wetu hawataki kupasikia, kila siku ni mzigo mzigo, mara tairi, mara kudra ya Mungu, spidi haitajwi. Chukua matatu ya watu 14 imejaa, tuseme tani 3. Ikiwa kwa 100 halafu ukanyage breki mpaka isimame, moto unaoingia kwenye breki unatosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji ya bomba, sufuria nzima ya chai. Kwa 50 hupati hata lita moja. Sasa nenda kwenye lami kavu na tairi nzuri: kwa 50 breki zinakula kama mita 14, kwa 100 ni mita 56. Na hapo bado sijahesabu ile sekunde moja ya wewe kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, kwa 100 hiyo sekunde peke yake imekula mita 28. Mtoto wa shule akikatiza pale Msabaha mita 60 mbele yako, ushamfikia zamani.

Na wewe unayechokoa waya wa spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia matatu isipite 80, manake "80 ni mwendo wa konokono", ile 80 iliwekwa kwenye sheria za matatu za 2004 za waziri wa uchukuzi John Michuki na hesabu iko upande wake: kutoka 80 kwenda 100 umeongeza 20 kwa macho, nishati imepanda kwa zaidi ya nusu. Abiria nanyi msinyamaze, mnalipa nauli halafu mnaogopa kumwambia dereva apunguze.

Magari mawili yakigongana uso kwa uso kila moja iko 80, ni kama kugonga ukuta kwa 160? (Kijana wa Maweni)

La. Kama yanalingana uzito, kila moja linapata kama limegonga ukuta kwa 80, maana nishati ni ya magari mawili lakini na mabati ya kukunjika ni ya magari mawili. Lakini usifurahi, ukikutana na lori la tani 20 halisimami, linakurudisha ulikotoka, na hapo tuktuk yako haina hesabu tena.

Mtoto mchanga nikimpakata kwa nguvu kiti cha mbele si yuko salama? (Mama, Muyeye)

Dada yangu, hapana kabisa. Gari la 50 likisimama ghafla kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mkono wa kushika hiyo, wala wa baba yake. Kaa nyuma, mtoto afungwe kwenye kiti chake.

Shemeji yuko Abu Dhabi, katuma video ya roli kosta, kile kigari cha kuchezea kinachopanda na kushuka relini, ya kilomita 240 kwa saa. Mtu mnene si atashuka mbio kuliko mwembamba? (Shella)

Hiyo ni Formula Rossa, na ile haianzi kwa kushuka, inarushwa kwa mtambo, na kwa spidi ile ndiyo maana wanavaa miwani. Zile za kawaida zinavutwa juu halafu zinaachiwa, na hapo unene haumo, urefu ndio kila kitu: shuka mita 50 bila msuguano unafika karibu 113 kwa saa, uwe wa kilo 50 au 120. Ndiyo maana kilima cha kwanza ndicho kirefu, nishati yote imewekwa pale na njiani inapungua tu. Wenzetu wanaikagua mashine kila siku kabla ya kufungua. Tuktuk yako mara ya mwisho kufunguliwa breki ni lini?

Pembea za Idi ni salama? (wengi wenu)

Inategemea chuma. Mtoto akipanda mpaka mnyororo ulale nyuzi 60 kutoka wima, akipita chini ule mnyororo unabeba uzito wake mara mbili, na ukifika kulala kabisa ni mara tatu, uwe mfupi au mrefu. Sasa pwani yetu chumvi inakula chuma kimyakimya, rangi mpya juu, kutu ndani. Kabla hujalipa angalia pale juu mnyororo unapoingia kwenye bomba, si kiti, kiti kila mtu anakiangalia. Ukiona pingili imeliwa imebaki nyembamba, au nati imefungwa waya, mshushe mtoto. Na wawili kiti kimoja, hapana.