Kidonda hakina usaha, lakini hakiponi

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya huku Kadutu, mjini Bukavu. Mwezi uliopita nilimhudumia mama muuza ndizi aliyekatwa na bati mguuni. Kila alipokuja kubadilishiwa bandeji sikuona usaha wala wekundu, nikaandika daftarini kwamba kidonda ni safi. Siku ya 9 alirudi na homa, mtoki, na mguu uliovimba hadi gotini. Ni dalili zipi zilizonipita?

JIBU: Ndugu muuguzi, naanzia kwenye neno lako mwenyewe, wekundu. Vitabu vingi tulivyosomea viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na muuguzi anayesubiri wekundu kwenye mguu wa mtu mweusi anaweza kusubiri mpaka homa ifike. Kwenye ngozi yetu pembezoni mwa kidonda hugeuka zambarau, au huwa nyeusi kuliko kawaida, au hung'aa tu kwa sababu uvimbe umeivuta. Kwa hiyo mkono husaidia pale jicho linaposhindwa: ukishanawa, weka mgongo wa vidole kando ya kidonda, kisha uuweke mahali palepale kwenye mguu wa pili, ulinganishe joto na ugumu wa ngozi.

Joto na uvimbe kidogo katika siku 3 au 4 za kwanza ni kazi ya mwili kujitibu, wala havipaswi kukutisha, ilimradi vinapungua. Kinachotia shaka ni kilichokuwa kimetulia kisha kikarudi, hasa maumivu. Hapo usiulize tu kama anaumwa, maana mama aliyeacha meza yake sokoni ana haraka, naye atakujibu kwamba ni nafuu. Muulize alilalaje usiku. Mgonjwa wa kisukari huenda asihisi kitu hata kidonda kikiwa kimeharibika, kwa hiyo kwake ukimya si ushahidi.

Kisha tazama nyama changa inayojaza kidonda, ambako nadhani ndiko wengi wetu tunakopita haraka. Ikiwa na afya huwa nyekundu ya kung'aa, yenye unyevu na chembechembe, na huvumilia kufutwa. Vijidudu vinapozidi huwa laini kupita kiasi, rangi yake hufifia au hukoza, huvuja damu ukiigusa tu kwa kompresi (kitambaa cha kusafishia kidonda), na mara nyingine hufura ikapita kimo cha ngozi au hujitenga na kuacha vifuko ndani. Maji ya kidonda nayo huongezeka, hata yakiwa bado meupe na mepesi: bandeji iliyokuwa ikikaa siku mbili sasa inalowa kabla ya jioni. Harufu ipime baada ya kuosha, kwa kuwa bandeji iliyokaa hunuka yenyewe. Na upime urefu na upana kwa rula kila mara, kwa sababu neno «safi» halikuonyeshi kama kidonda kimesimama au kimepanuka.

Ukiziona dalili hizi zikiwa bado kwenye kidonda chenyewe, kioshe vizuri, ondoa nyama iliyokufa, tumia dawa ya kuua vijidudu kama povidoni-ayodini, na umwite mgonjwa baada ya siku moja au mbili badala ya wiki. Kwa mtu mwenye nguvu hatua hii mara nyingi haihitaji antibiotiki za kumeza, na ile desturi ya kufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda sioni faida yake. Antibiotiki zina nafasi yake pale ugumu au mabadiliko ya rangi yanapovuka sentimita 2 kutoka ukingoni, au mtoki na homa vinapotokea, kama kwa yule mama muuza ndizi. Maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, au ngozi inayotatarika chini ya vidole, mpeleke hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kipimo.

Ukihitaji kuchukua sampuli, osha kwanza, kisha zungusha pamba kwa kuikandamiza juu ya nyama iliyo hai. Ukichota usaha wa juu, maabara itakutajia vijidudu vya juu tu. Na kwa kuwa alikatwa na bati, je, mliuliza chanjo ya pepopunda?