Jibu: Meli ikitia nanga Victoria, Shelisheli, twende Praslin?
Ndugu, umeuliza kama mtawahi kwenda msitu wa Vallée de Mai, kisiwani Praslin, ilhali meli inakaa Mahé, kisiwa chenye mji wa Victoria, kutwa moja tu. Nakusihi msithubutu: boti ya kwenda tu ni kama saa nzima, na bahari ikichafuka meli itawaacha. Bakini Victoria. Kutoka bandarini mjini mnafika kwa miguu. Piteni mnara wa saa wa 1903, kisha soko la Selwyn-Clarke mapema, samaki wakiwa bado wapo. Bustani ya mimea ndiyo msiikose kabisa! Kuna kobe wakubwa wa Aldabra, na minazi ya coco de mer, ambayo mbegu yake ni nzito kuliko zote duniani. Muda ukibaki, chukueni teksi hadi ufuo wa Beau Vallon mkaogelee, ila patanani nauli kabla ya kupanda.