Maswali ya Wasomaji: Kiingilio cha Mji wa Venice

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mji wa Venice, nchini Italia, huwatoza wageni kiingilio kana kwamba ni uwanja wa mpira. Je, ni kweli, na kuna nini huko hata watu wakubali kulipa? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Ni kweli, ingawa si kila siku. Tangu Aprili 2024, mgeni anayekwenda kushinda tu na kuondoka bila kulala hutozwa kuanzia euro 5 katika siku zilizotangazwa kuwa za msongamano.

Kinachowavuta watu ni mji wenyewe, uliojengwa juu ya visiwa zaidi ya mia moja vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, usio na magari, ambamo hata wagonjwa na takataka husafirishwa kwa mashua. Majengo mengi yamesimama juu ya magogo yaliyokitwa topeni karne nyingi zilizopita, nayo hayakuoza upesi kwa sababu huko chini oksijeni ni adimu. Lipo pia Kanisa la Mtakatifu Marko, na kanivali ya barakoa.

Taabu ni kwamba wenyeji wanahama: mwaka 1951 visiwa vya katikati ya mji vilikuwa na wakazi wapatao 175,000, na leo hawafiki 50,000. Kwa maoni yetu, euro 5 hazimzuii mtu aliyekwisha kulipa nauli ya ndege. Uamuzi uliokuwa na uzito zaidi ni ule wa mwaka 2021, wa kuzikataza meli kubwa za kitalii kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko.